Ng'ombe Aliyenyimwa Dhamana

Alhamisi. Baridi ya mwezi wa saba, manyunyu toka asubuhi. Mlima haujaonekana tangu Jumatatu. Mgongo unauma, miguu inauma, sweta limechafuka halitamaniki.

Nimefurahi.

Naandika jioni, nimekaa juu ya ndoo. Wasionijua: mimi ni kibarua. Nachanganya zege, nabeba tofali, nachimba msingi. Sasa hivi tuko kwenye ghorofa moja Daraja Mbili, mjini. Nyumbani ni juu huku, Tengeru. Mke wangu, Mama Akunda, alifariki mwaka juzi. Ukurasa huu wa mtandaoni alinifungulia binti yetu, Eliakunda, ambaye ni mwalimu Dodoma. Aliniambia, "Baba, wewe husemi. Basi andika." Mimi niliishia darasa la nne. Naandika kama ninavyosema. Makosa atasahihisha mwalimu.

Leo nimepeleka malalamiko kwa mawakili wa serikali. Kuhusu Kipaimara.

Kipaimara ni ng'ombe.

Mama Akunda alimpata akiwa mtamba, wiki ile Akunda anapata kipaimara pale usharikani. Akasema sherehe moja, jina moja. Mchungaji hakupenda. Jina likakaa.

Yule ng'ombe alikuwa wa Mama Akunda kabisa. Kwetu Wameru, hasa sisi wa umri huu, kukamua ni kazi ya mama. Mwanaume anakata majani, anajenga banda, basi. Mke wangu alipoondoka nilibaki naye, kiwele kimejaa, analia. Nikajifunza. Mwezi wa kwanza nilikuwa nakamua nimefunga mlango wa banda watu wasione.

Mwezi wa tatu mwaka huu, nikiwa kazini, akaibiwa. Aliyemwiba namjua. Ni kijana tuliwahi kuchimba naye msingi mmoja. Alijua natoka saa ngapi, narudi saa ngapi. Siku ya tatu akakutwa naye mbele ya Kikatiti anamswaga kwenda mnadani. Wanawake wa huku kwetu wanaouza ndizi kule ndio waliomkamata. Walimtambua Kipaimara kwa pembe yake moja iliyopinda, wakamzunguka yule kijana mpaka polisi wakaja.

Kijana akawekwa ndani. Ng'ombe akaletwa kituoni huku kwetu. Nikaambiwa ni kidhibiti, hatoki mpaka kesi iishe.

Kesho yake kijana akapata dhamana. Ng'ombe hakupata.

Kituo jina siandiki. Alifungwa kwenye mti wa mgrevilea nyuma ya jengo, juu hakuna bati, chini tope. Askari si wafugaji. Hakuna aliyepangiwa kumlisha. Basi kila siku saa kumi na moja alfajiri nakata majani ya tembo na mgomba, nabeba kichwani, natembea dakika arobaini mpaka kituoni, namlisha, namwekea maji, ndio naenda kwenye zege. Miezi minne. Maziwa yalikuwa yanakamuliwa mpaka alipokauka. Sijui na nani. Sikuuliza.

Watu wakaanza kusema Baba Akunda ana kesi, haiwezekani mtu kila siku yuko polisi. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kunipa moyo. Akaniombea nitubu. Nikasema amina, ningefanyaje.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Nilikuwa naongea na Kipaimara pale kituoni. Nampa habari za Akunda, habari za kazini, nani kaanguka na toroli. Mke wangu alikuwa anamwongelesha hivyo hivyo, mimi namcheka.

Nikiuliza kesi naambiwa upelelezi unaendelea. Nilipouliza mara ya sita, wakasema jalada liko kwa mawakili wa serikali mjini, wao ndio waendesha mashtaka. Na huku ng'ombe ana mimba. Alipandishwa kabla hajaibiwa. Tumbo linakua, mimi naangalia. Ndama azaliwe kwenye tope, usiku, baridi hii, hana hata bati juu? Angekufa. Pengine na mama yake.

Aliyenifungua macho ni Mama Gladi, anayetupikia pale kazini. Aliniona nimeshika sahani sili.

"Si uende kwa hao mawakili?"

"Nikaseme nini?"

"Nani kakwambia useme. Maneno yanasahaulika. Peleka karatasi."

Halafu akaniongezea maharage. Akasema, "Na usiandike hasira zako. Andika unachotaka."

Jumapili baada ya ibada nikakaa nikaandika. Nimetumia karatasi nne za daftari. Ya kwanza nilianza "Wapendwa katika Bwana" maana barua nilizozoea ni za kanisani. Ya pili ilikuwa matusi. Ya tatu nilimaliza ukurasa sijamtaja ng'ombe. Ya nne ndiyo hii:

"Kwa Wakili wa Serikali. Mimi ni kibarua. Ng'ombe wangu Kipaimara yuko kituoni miezi minne. Aliyemwiba yuko kwao analala kitandani. Ng'ombe ana mimba, karibu atazaa. Namwomba arudi nyumbani azae bandani, mpigeni picha mbaki na picha. Kesi iende mbele. Pia huyo aliyemwiba akikutana na mimi njiani ananiamkia shikamoo, na mimi inabidi niitikie. Hilo nalo linaniumiza."

Nikasaini.

Leo asubuhi nikapita kituoni kwanza na majani. Kipaimara hakula. Hakugusa kabisa. Analala, anainuka, ananigeuzia matako. Nikajua amenichoka. Nikamwambia haya, nuna, lakini leo naenda kukusemea.

Nikapanda gari kwenda mjini. Getini pale ofisini askari akafungua mfuko wangu. Ndani kulikuwa na mundu na kamba. Nilisahau kabisa. Nilitoka na vitu vyangu vya kukatia majani moja kwa moja mpaka kwa mawakili wa serikali.

Askari akautoa mundu, akautazama. "Mzee, umekuja kulalamika au kuvuna?"

"Kulalamika."

"Na hii ni ya nani?"

"Ya ng'ombe."

Akacheka, akauweka chini ya meza yake. Akaniambia nitoe na majani kichwani. Yalikuwepo.

Mapokezi kuna dada. Akasoma barua amesimama. "Nakala yako iko wapi, baba?" Sikujua habari za nakala. Akaniambia nitoe fotokopi, moja inabaki kwao, moja narudi nayo ina muhuri, ili kesho mtu asiseme hukuja. Nikatoka mpaka steshenari ng'ambo ya barabara, nikarudi. Akagonga muhuri zote mbili. IMEPOKELEWA.

Nimeusoma ule muhuri labda mara kumi. Miezi minne naongea, hakuna aliyepokea.

Nilidhani ndio basi, naenda nyumbani. Dada akasema subiri. Nikakaa kwenye benchi na watu wengine, kila mtu na bahasha yake. Karibu saa tano nikaitwa.

Wakili ni binti. Amempita Akunda umri kidogo tu. Akainuka kwenye kiti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Kwa kuongea kwake ni Mchaga. Barua yangu ilikuwa mezani. Akasoma yote taratibu. Alipofika mwisho akaziba mdomo, akajifanya anakohoa.

"Baba, hili la shikamoo, sheria haina kifungu."

"Basi liache. Nilitaka mlijue."

"Nimelijua." Akapiga mstari chini yake, sijui kwa nini. Halafu akawa hacheki tena. Akaniambia ng'ombe kama huyu anapigwa picha, mahakama inatoa amri, mwenye mali anarudishiwa na anasaini kumleta akihitajika. Hilo lilitakiwa kuombwa zamani.

"Kwa nini halikuombwa?"

"Hayo ndiyo malalamiko yako. Nimeyapokea na yatajibiwa. Sasa tumalize la ng'ombe. Mimba ina muda gani?"

Nikasema nahesabu karibu itimie, labda wiki mbili hivi.

"Kiwele?"

"Kimejaa."

"Anakula?"

"Leo hakula. Amenuna. Analala, anainuka, ananigeuzia matako."

Akaweka kalamu chini.

"Nyonga zimelegea? Hapa, pembeni ya mkia, pamebonyea?"

Nikafikiri. Nikasema ndiyo, pamebonyea, nilidhani amekonda kwa sababu ya majani yangu.

"Ute?"

"Upo."

"Baba. Hajanuna. Anazaa."

Miaka yote ng'ombe wakizaa kwangu, Mama Akunda ndiye aliyekuwa bandani na wanawake wenzake. Mimi nilikuwa nje naulizwa nilete gunia. Nilikuwa nalijua gunia tu.

Yule binti akasema mama yake alimsomesha kwa maziwa, na yeye ndiye alikuwa anaamshwa ng'ombe wakizaa. Akachukua simu yake, akapiga kituoni. Hakupaza sauti hata kidogo. "Mpigeni picha sasa hivi, pande zote mbili na pembe. Andikeni na kumbukumbu. Mimi naingia mahakamani na maombi. Na mumtoe kwenye tope." Akanigeukia. "Baba, wewe nenda. Karatasi itakufuata."

Nikaondoka. Nimefika nje nakimbia, yule askari wa getini ananiita nyuma. Nimesahau mundu.

Nilifika kituoni saa saba kasoro. Walikuwa wamemhamishia kwenye kibanda cha pikipiki. Pikipiki wamezitoa nje kwenye mvua. Koplo mmoja, mnene, ambaye miezi yote alikuwa ananiita Bwana Majani, alikuwa amechuchumaa nyuma ya ng'ombe, kofia ameiweka pembeni.

"Bwana Majani, umechelewa. Miguu hiyo."

Kweli. Miguu miwili inaonekana, imefunikwa na utando.

"Tuvute?" akaniuliza mimi.

"Sijui."

"Hujui? Ng'ombe si wako?"

"Wangu. Sijui."

Tukatazamana, wanaume wawili wazima. Koplo akatoa simu, akampigia yule wakili, akaweka sauti ya wote. Binti alikuwa kwenye korido ya mahakama, tunasikia watu wanaitwa majina.

"Nyayo zinaangalia chini au juu?"

Koplo akainama. "Chini, mheshimiwa."

"Pua inaonekana?"

"Bado."

"Msivute. Akisukuma ndio mvute kidogo, kuelekea chini. Akipumzika, mpumzike."

Tukangoja. Kipaimara akasukuma. Nikashika mguu mmoja, Koplo akashika mwingine. Unateleza kama sabuni. Nilikuwa nasema polepole mama, polepole mama, sijui nilikuwa namwambia nani.

"Mheshimiwa, pua," Koplo akasema.

"Vizuri. Sasa asukume tena."

Akasukuma. Kichwa. Halafu mabega, hapo alikwama kidogo. Halafu akatoka mwili wote kwa mara moja, tukaanguka matako chini, mimi na Koplo, na ndama juu yetu.

Hapumui.

"Msafisheni pua," simu inasema. "Msugueni. Kwa nguvu."

Sikuwa na gunia. Nilivua sweta nikamsugua nalo. Nilimsugua kama nasugua sakafu. Koplo anamtoa ute puani kwa kidole. Ndama akapiga chafya. Kidogo tu, kama mtoto aliyevuta ugoro.

Pale kituoni walikuwepo watu waliokuja na shida zao, na mahabusu mmoja aliyekuwa anafagia uani. Wote walipiga makofi. Mahabusu alipiga kuliko wote.

"Jike au dume?" wakili anauliza.

Nikaangalia. "Jike."

"Hongera, baba."

Nilikuwa nacheka. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakukoma upesi. Msibani sikulia. Watu walisema yule mzee ni mgumu. Leo nimelia kwenye kibanda cha pikipiki mbele ya polisi, na sikuona aibu.

Koplo naye akapata wazo la kazi. Akachukua ile simu.

"Mheshimiwa, huyu mdogo nimwandike wapi? Kwenye kitabu changu kuna ng'ombe mmoja."

"Ndama aliibiwa?"

"Hapana. Kazaliwa saa hii."

"Hayumo kwenye hati ya mashtaka, hayumo kwenye kitabu. Huyo hana kesi. Mpe mwenyewe."

Koplo akanitazama. "Haya. Huyu yuko huru. Mama yake bado."

Basi nikakaa pale na ndama aliye huru na mama aliye kidhibiti, mama anamlamba, mimi nasubiri karatasi. Koplo akaniletea chai. Ya rangi. Akasema maziwa yameisha toka Kipaimara akauke. Hivyo ndivyo nilivyojua maziwa yalikwenda wapi. Nikanywa chai yangu. Sikuwa na hasira tena, na yeye mkono wake ulikuwa bado una damu ya ng'ombe wangu.

Karatasi ilikuja saa kumi, imeletwa na mpelelezi kwa pikipiki, imefungwa nailoni isilowe. Amri ya mahakama. Nikasaini mahali pawili kwamba nitamtunza na nitamleta nikiambiwa. Mpelelezi akanisomea kwa sauti. Pia akaniambia kesi imepangiwa siku, nitaitwa kutoa ushahidi. Nikasema niko tayari.

Nikambeba ndama mabegani, miguu minne kifuani. Mama yake akatembea nyuma, pua iko kwenye mkia wa mwanae, hahitaji kamba. Dakika arobaini zilikuwa saa nzima na nusu maana kila nyumba wanatoka. Baba Akunda, umetoka? Nimetoka. Yule mzee wa kanisa aliyeniombea nitubu alisimama kwenye uzio wake. Akauliza, "Kumbe aliyekuwa na kesi ni ng'ombe?"

"Ni ng'ombe, mzee."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa napeleka majani."

Akavua kofia. Akaomba radhi, mtu mzima yule, barabarani. Nikamwambia dua haiharibiki.

Nimefika nimewapa nyasi kavu za kulalia. Nimempigia Akunda. Nikaanza kumweleza habari ya miguu na pua na Koplo, nikashindwa kumaliza, kicheko.

"Baba," akasema, "unacheka."

"Ndiyo."

"Endelea kwanza. Usiseme kitu. Cheka tu nikusikie."

Nikaendelea.

Sasa giza linaingia, na simu imebaki na chaji kidogo. Sijui mahakamani watamfanya nini yule kijana. Nitasema nilichokiona, basi, waamue wao. Leo sina nguvu ya kumchukia, kesho sijui.

Ndama amesimama. Ameanguka. Amesimama tena. Anatafuta chuchu kwenye goti la mbele la mama yake, anatafuta huko huko muda wote huu. Sijui kama unamsaidia au unamwacha apate mwenyewe. Mama Akunda angejua. Wakili naye angejua, lakini na yeye ana kwake, atakuwa anapika.

Naweka simu. Naingia bandani nimwonyeshe chuchu iliko.